Farasi 300 kwenye foleni ya Likoni

Tuta lenyewe liko mbele kidogo ya Ng'ombeni. Kaka yangu alikuwa ametangulia na Golf GTI yake, mimi nyuma na Subaru WRX S4 yangu, tumevuka feri ya Likoni, tunakwenda harusini Ukunda. Kwangu nilimpakia mama na shangazi, na kwenye buti sufuria mbili za pilau zilizofungwa kanga ili zisimwagike. Tulivuka tuta taratibu, mshale umeshuka mpaka 40, mbele barabara nyeupe. Kaka akakanyaga mafuta. Nami nikakanyaga, mpaka chini.

Golf likaniacha.

Halikuniacha sana. Urefu wa gari moja, labda na nusu, mpaka tulipofika 80 sote tukatulia. Mama hakutambua lolote, alikuwa akisimulia ukoo wa bwana harusi. Mimi tangu pale mpaka Ukunda sikusikia hata neno moja la hadithi yake. Gari langu kwenye karatasi lina nguvu za farasi 300. Lake lina 220. Farasi themanini walikuwa wamekwenda wapi?

## Tabo lililouawa kwa maneno

Jambo hili lilinikaa rohoni kwa wiki kadhaa. Nilianza na uzito, kwa sababu ndilo jibu rahisi: S4 lina kilo kama 1,540 hata kabla ya mtu kuingia, Golf GTI la kizazi cha saba lina karibu 1,390, na juu yake mimi nilibeba wazee wawili na pilau ya watu wengi. Nikapiga hesabu nyuma ya risiti ya petroli. Hata nikiongeza abiria na sufuria, bado kila farasi wangu alikuwa na mzigo mdogo kuliko farasi wa kaka. Uzito ulieleza sehemu. Haukueleza kuachwa.

Nikaenda gereji moja hapa mjini. Wakaunganisha kompyuta yao, wakatazama kwa dakika mbili, wakaniambia tabo, ile pampu inayoshindilia hewa injinini, limekufa. Kabla ya tabo, walisema, tubadilishe plagi na koili. Nikabadilisha. Nikalipa. Gari likabaki vilevile. Nikaanza kutafuta tabo la kuagiza Dubai, na usiku mmoja nilikuwa nimebakisha kubonyeza tu.

Kilichonizuia ni jambo dogo. Asubuhi ile, saa kumi na mbili, nilikuwa nimempeleka jirani Changamwe, na nilipopanda kilima cha kutoka Kibarani gari lilivuta kama siku niliyolitoa bandarini. Tabo lililokufa halifufuki alfajiri likafa tena mchana.

## "Weka mkono"

Fundi niliyempata baada ya hapo yuko Shimanzi, mzee wa makamo ya baba yangu, kibanda chake hakina hata bango. Hakuunganisha kompyuta. Alifungua boneti akauliza.

"Nani kasema tabo limekufa?"

"Waliolipima, ami."

"Siku hiyo gari lilikuwa limetoka wapi, mwanangu?"

"Ferini."

"Saa ngapi?"

"Saa saba na nusu."

Akanyamaza. Akaliacha gari likinguruma juani, AC imewashwa, tukakaa kwenye kivuli cha kontena kama nusu saa, tukanywa kahawa chungu. Kisha akauweka mkono wake juu ya intakula, kipoza-hewa cha tabo, kwa upande wa nyuma wa kiganja, vile mama anavyompima mtoto homa. "Weka mkono."

Niliuweka, nikautoa papo hapo.

Wenye Subaru wanajua intakula iko wapi: bapa, juu kabisa ya injini, chini ya lile tundu la boneti tunalojivunia nalo. Gari likikimbia, upepo unaingia tunduni na kuipoza. Gari likisimama, hakuna upepo, na joto la injini linapanda moja kwa moja na kuingia ndani ya kile chombo ambacho kazi yake ni kupoza hewa. Dakika arubaini za foleni ya Likoni mwezi wa pili, kisha Likoni yote hatua kwa hatua nyuma ya matatu na tuktuk, na intakula inageuka jiko.

Golf la kaka intakula yake iko mbele, chini, nyuma ya bampa. Nalo hupata joto kwenye foleni, lakini halilali juu ya injini. Mitsubishi Lancer Evo vilevile, yake unaiona wazi mdomoni mwa gari. Mazda Axela ile ya Mazdaspeed ya kizazi cha pili, ya lita 2.3 na farasi 264, imeiweka juu kama sisi, na tundu lake kwenye boneti.

Nilikuwa nalijua hilo la intakula kwa miaka. Nililijua kwa kusoma. Siku ile ndipo nilipolijua kwa kiganja.

## Hewa tunayovuta

Niruhusuni nikae hapa kidogo, maana ndipo penyewe.

Tabo halitengenezi nguvu. Linashindilia hewa. Ukiishindilia hewa mpaka mara mbili ya presha ya kawaida, inachemka yenyewe, kama pampu ya baiskeli inavyokuchoma vidole. Hewa ya Mombasa ya mchana, nyuzi 32, ikishindiliwa hivyo inatoka kwenye tabo ikiwa imepita nyuzi 120. Hapo ndipo intakula inapotakiwa kuirudisha chini. Ikitoka na nyuzi 45, kila silinda inapata hewa nzito. Ikitoka na 75, hewa imetanuka, na kwa presha ileile silinda inapata kama asilimia 8 au 9 pungufu.

Na hiyo ni hasara ya kwanza tu. Hewa ya moto huifanya petroli iwake kabla ya wakati wake, injini ikaanza kugonga. Gari la siku hizi lina sensa inayosikiliza kugonga huko, na kompyuta ikisikia, inachelewesha cheche ya plagi ili kuiokoa injini. Dereva haoni taa yoyote. Anaona tu Golf likienda.

Jamaa wa Nairobi wanaposhuka likizo husema magari yao yamepata uhai huku pwani, nao hawakosei. Nairobi iko juu, kama mita 1,700, na presha ya hewa kule ni pungufu ya huku kwa karibu sehemu moja katika tano. Gari lisilo na tabo linaihisi hasara hiyo yote, ndiyo maana likifika Mombasa linaruka. La tabo kule juu hujitahidi, linazunguka kwa kasi zaidi kuifidia hewa, kwa hiyo tofauti likishuka ni ndogo. Sisi tuna hewa nzito iliyopakana na bahari, kisha tunaichemsha kwenye foleni.

## Petroli ya watu wengine

Suala la pili lilinijia nikiwa nimelala, nikainuka kutafuta kijitabu cha gari.

S4 langu liliundwa kwa ajili ya Japani. Kule petroli ya daraja la juu inayouzwa vituoni ni ya okteni 100, okteni ikiwa kipimo cha petroli kustahimili bila kuwaka yenyewe. Injini yake ya FA20, lita 2.0, ina mgandamizo wa 10.6 kwa 1, yaani silinda inaibana hewa mara 10.6, na huo ni mwingi kwa injini ya tabo. Golf GTI imezaliwa Ulaya, ambako petroli ya kawaida ni 95, na mgandamizo wake ni 9.6. Evo X ni 9.0. Subaru Impreza STI ya zamani, yenye injini ya EJ207, ni 8.0.

Petroli ya vituo vyetu haifiki 100.

Tafsiri yake ni kwamba farasi wangu 300 walihesabiwa wakinywa kitu ambacho sijawahi kuwanywesha. Kadiri mgandamizo unavyokuwa mkubwa, ndivyo injini inavyodai petroli ngumu kuwaka na hewa baridi, na mimi nimelinyima gari langu vyote viwili kwa pamoja, kisha nikalilaumu. Golf halikudai mengi kama langu, kwa hiyo halikupoteza mengi.

Nilihisi nimelikosea gari. Sijui namna nyingine ya kusema.

## Namba 280

Tunavyolinganisha magari haya huku kwetu ni kwa namba. Vijana wanakaa Lighthouse jioni, mihogo mkononi, bahari mbele yao, mmoja anataja farasi, wa pili anataja sekunde za sifuri mpaka mia, na ugomvi unaisha hapo. Nami nilikuwa hivyohivyo.

Lakini chukua Impreza STI na Lancer Evo za kuanzia 1996 mpaka mwanzo wa elfu mbili. Karibu zote karatasi zao za Japani zinasema 280. Halikuwa ajabu la uhandisi. Kuanzia 1989 watengenezaji wa Japani walikubaliana wao kwa wao kutotangaza zaidi ya farasi 280, na wakakaa hivyo mpaka 2004. Evo ikabadilika kizazi baada ya kizazi, tabo likaboreshwa, na karatasi ikaendelea kusema 280. Watu wazima walibishana miaka kumi na tano juu ya namba iliyokuwa makubaliano ya mezani.

Baba alikuwa akifuatilia Safari Rally redioni, na ugomvi wa Subaru na Mitsubishi niliurithi kwake pamoja na kofia yake. Na ulikuwa ugomvi wa haki: 1996 Tommi Mäkinen alishinda na Lancer, 1997 Colin McRae na Impreza, 1998 Richard Burns akiwa na Mitsubishi, 2000 Burns huyohuyo akiwa sasa na Subaru, 2001 Mäkinen tena na Lancer. Kati ya hizo ni 1999 pekee iliyokwenda kwingine, kwa McRae na Ford. Magari yale yote yalilazimishwa na sheria kuvuta hewa kupitia tundu la milimita 34 tu kabla ya tabo. Waliotunga sheria walijua walichokuwa wakikishika. Ukitaka kuyasawazisha magari ya tabo, shika koo.

Na Safari mtu hakuishinda kwa farasi, aliishinda kwa gari lililoweza kupita kwenye vumbi na joto bila injini kufa. Baba alikuwa akilisema hilo kila mwaka. Mimi nilisikia majina tu.

## Alfajiri Dongo Kundu

Kaka alikubali tupime, kwa masharti yangu. Hakuna kushindana bega kwa bega. Gari moja kwa wakati mmoja, kutoka 40 mpaka 80 na si zaidi, kwenda na kurudi kwenye kipande kilekile ili upepo na mteremko visimpendelee mtu. Mafuta kituo kimoja, tangi nusu, presha ya tairi sawa, buti tupu. Mtoto wa kaka, ana miaka kumi na minne, ndiye aliyeshika simu kurekodi dashibodi, na daftari.

Tulianza baada ya swala ya alfajiri, barabara ya Dongo Kundu tupu, ukungu mwepesi juu ya mikoko. Kile kipimo changu cha kuchomeka chini ya usukani kilionyesha hewa baada ya intakula ikiwa nyuzi 38. S4 lilimpita Golf kwa karibu nusu sekunde katika kila zamu. Kwa umbali mfupi vile, nusu sekunde ni kubwa. Mtoto alishangilia kwa sauti, kisha akamtazama baba yake akanyamaza.

Tulirudi mchana. Tukayaegesha kando yakiwa yanawaka, AC juu, nusu saa nzima. Kipimo changu kikapita 70.

Zamu ya kwanza, hakuna aliyeshinda. Tulirudia video mara tatu, tofauti ilikuwa ndogo kuliko kosa la macho yetu. Nusu sekunde yote imeyeyuka. Jambo lililonigusa zaidi ni zamu ya tatu: baada ya kutembea kwa dakika chache bila kusimama, kipimo kilishuka, na S4 likaanza kuchomoka tena, kidogo, kisha zaidi. Ugonjwa ulikuwa unapona mbele ya macho yetu kwa upepo tu.

Ukitazama siku ile ya harusi kwa jicho hili, kila kitu kinakaa mahali pake. Intakula ya moto, wazee wawili, pilau, na giaboksi yangu ya CVT, isiyo na gia za kawaida, ambayo hujifikiria kabla ya kutii, wakati DSG ya Golf, giaboksi ya klachi mbili, hudaka gia iliyo tayari. Na kaka ndiye aliyekanyaga kwanza. Sikuibiwa farasi. Niliwasahau kwenye foleni.

## Mvua ikaleta daftari jingine

Nilidhani nimemaliza. Kisha masika ikaingia.

Jioni moja mvua ilikuwa imeshika kweli, maji yanatiririka kutoka Makupa, kaka mbele yangu kwenye mzunguko. Aligusa mafuta kutoka na tairi za mbele zikateleza, taa ya dashibodi ikawaka na kompyuta ikamkata nguvu. Farasi 220 na msokoto wa Nm 350 vyote vinapita kwenye tairi mbili ambazo pia ndizo zinazogeuza gari. Mimi nyuma yake niligusa vilevile, tairi nne zikashika, nikaondoka bila hata kufikiri.

Kwa hiyo siku hiyo gari bora lilikuwa langu, tena kwa mbali, na hakuna karatasi yoyote ya mauzo iliyo na safu ya mvua ya Makupa.

Hapo ndipo nilipoanza kuliangalia kwa heshima gari ambalo kila mtu hulipita: Suzuki Swift Sport ya tabo, lita 1.4, farasi 140 tu. Lina kilo 970. Uzito mdogo haupandi joto, hauhitaji okteni, hauathiriwi na foleni. Unabaki mdogo asubuhi na mchana. Kwa mtu anayeishi Tudor na kufanya kazi Nyali, anayevuka daraja kila siku nyuma ya malori, sina hakika kwamba langu linamfaa kuliko lile. Nalisema hili nikiwa nalipenda langu kuliko linavyostahili.

## Jambo ninaloliogopa

Niliandika haya na nikayaweka kando wiki nzima, kwa sababu najua nani atayasoma. Watayasoma wale vijana wa Lighthouse. Wengine watachukua kipande cha 40 mpaka 80 wakakifanya 80 mpaka 180, usiku, kwenye barabara ambayo watu wanavuka kwenda msikitini. Nimewasikia kwa sauti ya ekzosi, saa nane za usiku, nikiwa kitandani nahesabu gia. Mara mbili nimesikia gia ya nne isifuatwe na ya tano, kimya kikaja, nikakaa macho mpaka asubuhi.

Ninayempenda katika hawa simjui jina. Lakini nataka ajue kwamba 40 mpaka 80 ilitosha kunifundisha yote niliyoyaandika hapa. Nguvu ya gari la tabo haijifichi huko juu. Inaonekana pale tabo linapojaza, katika sekunde mbili za kwanza, na pale ndipo joto, petroli na uzito vinaposema ukweli.

Mtoto wa kaka amelichukua daftari sasa, limekuwa lake. Safu za mwanzo zilikuwa mbili, gari na sekunde. Ameongeza kwa mwandiko wake: saa, petroli, abiria, mvua, na moja ameiandika "lilikuwa limesimama wapi". Jana alinipigia simu. Shemeji wa mama yake ana Evo X na amekubali kuja nayo Ijumaa.

"Shangazi, aje moja kwa moja au apitie ferini kwanza?"

Nimemwambia apitie ferini.